Kadi Ndogo Katika Msimu wa Wachimbaji

Kijana anayehariri video za harusi hahitaji kadi kubwa ya grafiki. Mwanafunzi anayechora ramani za nyumba haihitaji. Mwenye duka anayetaka kuona kamera zake za ulinzi kwenye vioo vitatu naye haihitaji. Hawa, wakihitaji kadi, huhitaji ndogo ya daraja la chini, yenye feni moja au isiyo na feni kabisa, ya kuchomeka na kuendelea na kazi. Mwaka 2021 kadi hiyo ndogo ilikuwa adimu duniani kote, na pale ilipopatikana iliuzwa kwa bei ambayo miaka minne nyuma ungenunulia kadi yenye nguvu mara mbili yake.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kariakoo, Dar es Salaam, na watu hao ndio wateja wangu. Wapenzi wa michezo ya kompyuta walisemewa sana wakati ule. Vyombo vya habari vya Ulaya na Marekani viliandika kilio chao bila kuchoka. Wateja wangu hawakuwa na wa kuwasemea. Nataka kueleza kilichowapata, na jinsi mtu mwenye fedha kidogo anavyoweza kupita katika soko la namna ile bila kukamuliwa.

Kwanza, kadi yenyewe. Kioo cha kawaida cha kompyuta kina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila nukta lazima ipigiwe hesabu ya rangi yake mara nyingi kwa sekunde. Prosesa inaweza kuifanya kazi hiyo, lakini prosesa imeundwa kufanya hesabu chache ngumu. Kadi ya grafiki ina chipu yenye mamia au maelfu ya vikokotozi vidogo vinavyofanya hesabu rahisi kwa pamoja, na ina memori yake yenyewe pembeni. Ndiyo maana video inasogea vizuri na jengo linazunguka kwenye kioo bila kukwama.

Uwezo huohuo ndio uliowaleta wachimbaji wa sarafu za kidijitali, yaani watu wanaozipa mashine zao hesabu nyingi ili walipwe kwa sarafu hizo. Bitcoin ilipoanza mwaka 2009 watu waliichimba kwa prosesa za kawaida, baadaye kwa kadi za grafiki, na kufikia mwaka 2013 zilitoka mashine maalumu zisizojua kazi nyingine yoyote. Mashine za aina hiyo ndizo zinazotumika hata kule Virunga, mashariki mwa Kongo, ambako hifadhi ya taifa imekuwa ikichimba Bitcoin kwa umeme wa maji yake yenyewe. Hizo hazigombanii kadi na mtu yeyote.

Sarafu iliyogombania kadi ni ya Ethereum, iliyoanza Julai 2015. Waanzilishi wake waliipanga hesabu yao kwa makusudi ili isitawaliwe na mashine maalumu. Ili kuchimba, kadi ililazimika kubeba faili kubwa ndani ya memori yake na kulisoma bila kukoma. Walitaka mtu wa kawaida mwenye kompyuta ya kawaida apate nafasi. Matokeo yake, kila kadi yenye memori nzuri ikageuka kuwa chombo cha kuzalisha fedha, na mwenye mtaji akanunua kadi mia pale ambapo mtu wa kawaida alikuwa na moja.

Wimbi la kwanza lilikuja mwaka 2017. Kampuni ya AMD ilitoa kadi zake za RX 570 na RX 580 mwezi Aprili, ya kwanza kwa dola 169. Ilipofika Juni zilikuwa hazionekani madukani. Bei ya sarafu ikaanguka mwaka 2018 na kadi zikarudi. Wimbi la pili ndilo lililoumiza. Mwanzoni mwa 2020 sarafu moja ya Ethereum iliuzwa kwa takriban dola 130. Mei 2021 ilikuwa imepita dola 4,000, na Novemba mwaka huo ikafika karibu 4,800. Kadi ya RTX 3080 ya kampuni ya Nvidia, iliyotangazwa kwa dola 699 Septemba 2020, iliisha ndani ya dakika chache siku ya kwanza, kisha ikauzwa mikononi kwa mara mbili ya bei hiyo.

Mambo mengine yalijazana juu ya hayo. Ugonjwa wa Uviko uliwafungia watu majumbani na wote wakataka kompyuta kwa wakati mmoja. Viwanda vya chipu vilizidiwa. Gharama za kontena zilipanda mno, na Machi 2021 meli ya Ever Given ikakwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita. Kompyuta za mtumba tunazouza sisi, Dell na HP zilizotolewa maofisini Uingereza na Ujerumani, zilikuwa zikipita mfereji huohuo kuja Dar es Salaam. Kwa hiyo tulibanwa pande mbili: mashine zilichelewa, na kadi za kuzitia mashine hizo hazikununulika.

Sasa swali ambalo wateja waliniuliza kwa uchungu, na walikuwa na haki: kama wachimbaji walitaka kadi kubwa, kwa nini ndogo nayo ipande? Kadi kama GT 1030, yenye memori ya GB 2, haikufaa kwa uchimbaji hata kidogo. Jibu ni kwamba soko lilisukumana kwenda chini. Aliyekosa kadi ya dola 400 alishuka akanunua ya dola 200, aliyeikosa hiyo akashuka tena, na mwisho wa msukumano alikuwapo mtu wa chini ambaye hana pa kushukia. Viwanda navyo, vikiwa na chipu na memori kidogo, vilizipeleka kwenye kadi zenye faida kubwa. Kwa daraja la chini hakukuwa na mzigo mpya wa maana kwa muda mrefu. GT 1030 ni kadi ya mwaka 2017. GT 710, ambayo bado ilikuwa kwenye rafu za madukani, ina chipu ya enzi za kabla ya hapo, na kwa kazi nyingi inashindwa na grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya kisasa. Watu waliinunua kwa sababu tu imeandikwa GeForce, jina la kadi za Nvidia, kwenye boksi.

Lakini lile faili la Ethereum lilikuwa na tabia moja iliyomsaidia maskini: lilikua. Lilianza na ukubwa wa GB 1 mwaka 2015, likaongezeka kidogokidogo kila baada ya siku chache, na mwishoni mwa Desemba 2020 likapita kiwango ambacho kadi ya GB 4 inaweza kubeba. Kuanzia hapo memori ndiyo iliyoamua nani anagombania nini. Kadi za GB 6 na 8 zilikuwa za wachimbaji. Za GB 4 ziliponyoka kwa sehemu kubwa, ingawa sarafu ndogo nyingine bado zilichimbika nazo. Za GB 2 zilikuwa huru kabisa. Ndiyo sababu mwanzoni mwa 2021 Nvidia walirudisha sokoni GTX 1050 Ti ya GB 4, kadi waliyoitoa mara ya kwanza Oktoba 2016 kwa dola 139. Walijaribu pia kuifunga RTX 3060 mpya isichimbe kwa kasi kamili, lakini mwezi uliofuata kampuni yenyewe ikatoa kwa bahati mbaya draiva iliyoondoa kufuli hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa wakati ule ulikuwa huu, na bado nausimamia: tazama pale ambapo mwenye fedha hatazami. Ila kabla ya hapo, uliza kama kadi unaihitaji.

Mzee mmoja mwenye duka la dawa alikuja na orodha aliyoandikiwa na mtu. Baada ya salamu akaniambia, "Binti, nimeambiwa bila kadi ya kisasa vioo vitatu havitawaka." Nikamwambia, "Baba, tuitazame kwanza mashine yako." Ilikuwa Dell OptiPlex 7010, mashine ya mwaka 2012 iliyojaa mjini. Nyuma ina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, na prosesa za Intel za kizazi cha tatu zilizotoka mwaka huo zinaendesha vioo vitatu zenyewe, mradi viwili kati yake viungwe kwa DisplayPort. Mzee alinunua nyaya, akaondoka. Kadi aliyoandikiwa ingemgharimu zaidi ya kompyuta yenyewe.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi alikuja na hofu kubwa zaidi, kwa sababu wenzake walimwambia usanifu wa majengo hauwezekani bila kadi kubwa. Tulikaa tukaigawa kazi yake. Kuchora ramani kwenye ArchiCAD hutegemea zaidi prosesa na ramu. Kuigeuza ramani kuwa picha inayofanana na nyumba halisi ni kazi nyingine, na hata hapo inategemea programu: CineRender iliyokuwa ndani ya ArchiCAD ilitumia prosesa, ilhali Lumion na Twinmotion hudai kadi kubwa. Yeye alikuwa mwaka wa pili na picha za namna hiyo alizihitaji mara chache kwa muhula. Tulimwongezea ramu na kumbadilishia diski ngumu kwa SSD, na picha kubwa akawa anazifanyia kwenye mashine za chuo. "Dada, kumbe tatizo halikuwa kadi," akasema. Mara nyingi haliwi kadi.

Kuhusu ramu kuna jambo ambalo watu wengi hulipuuza. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina memori yake. Inaazima ramu ya mashine. Ukiweka kipande kimoja cha GB 8 unaipa njia moja ya kupitishia data. Ukiweka vipande viwili vya GB 4, kila kimoja kwenye tundu lake sahihi, unaipa njia mbili, na tofauti inaonekana kwa macho, hasa kwenye prosesa za AMD zenye herufi G mwishoni, kama Ryzen 3 2200G iliyotoka mwaka 2018 kwa dola 99. Katika miaka ile ya ukame, prosesa hizo zenye grafiki nzuri ndani yake ziliwafaa wengi kuliko kadi yoyote ndogo. Kwa anayeanza upya bila mashine ya zamani, hilo ndilo chaguo ningempa bila kusita.

Mhariri wa harusi ndiye aliyekuwa na sababu ya kweli. Simu na kamera nyingi za siku hizi hurekodi kwa mfumo wa H.265, unaobana video iwe ndogo, na kuibanua tena ni kazi nzito. Prosesa za Intel zilizotoka kabla ya kizazi cha saba hazina sehemu maalumu ya kubanua H.265 yenye rangi za biti 10, kwa hiyo mashine nzuri kabisa ya ofisini inakwama mbele ya video ya simu. Hapa hata GT 1030 inasaidia, kwa sababu inajua kubanua. Lakini haijui kubana: haina kile kipande cha chipu kinachoharakisha utoaji wa video iliyokamilika. GTX 1050 inacho. Tofauti hii haiandikwi kwenye boksi, nayo kwa mtu anayekabidhi video kila Jumatatu ni tofauti ya saa nyingi za kusubiri. Kwa asiye na fedha ya kadi, njia ilikuwapo na ni ya bure: Premiere na DaVinci Resolve zote zinaweza kukutengenezea nakala nyepesi za video, ukahariri kwa hizo, na programu ikarudi kwenye video halisi wakati wa kutoa kazi. Nimewafundisha vijana wengi njia hii, na wapo ambao hawakurudi tena kuulizia kadi.

Kwa waliohitaji kadi kweli, niliwatafutia Quadro. Hizi ni kadi za Nvidia za kompyuta za wahandisi na mabenki. Makampuni ya Ulaya hubadilisha mashine zao kwa pamoja, na kadi hizo hutoka kwa makundi. Quadro K620 ya mwaka 2014 ina GB 2 na hutumia chini ya wati 50. Quadro P400 ya mwaka 2017 hutumia wati 30 na ina matundu matatu madogo ya DisplayPort, kwa hiyo inaendesha vioo vitatu bila shida. Hakikisha tu unapewa na adapta zake. Wachimbaji hawakuzitaka kwa sababu ya memori ndogo, na wapenda michezo hawakuzijua kwa majina. Bei zake zilipanda kidogo tu pale za kadi nyingine zilipopaa. GTX 750 Ti ya mwaka 2014, yenye wati 60, nayo iliokoa wengi.

Nataja wati kwa sababu ndizo zinazowaangusha wanunuzi. Tundu la kadi kwenye bodi hutoa wati 75, basi. OptiPlex 7010 ndogo ina pawa saplai ya wati 240 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi ya wati 185 kama RX 580, hata ukipewa bure, haina pa kushika humo. Na kama boksi lako ni lile jembamba, ulizia kadi fupi yenye bati fupi, vinginevyo kifuniko hakitafunga.

Kisha kuna majina yanayopotosha. Mwaka 2018 GT 1030 ilitolewa tena ikiwa na memori ya DDR4 badala ya GDDR5. Ya kwanza hupitisha data GB 48 kwa sekunde, ya pili chini ya 17. Jina ni lilelile, boksi linafanana, na hakuna anayekuambia. RX 580 nayo ina ndugu yake aitwaye RX 580 2048SP, aliyetengenezwa kwa soko la China, ambaye kwa undani ni RX 570. Mtu akilipia moja akapewa nyingine ameibiwa, hata kama risiti imeandikwa sawasawa.

Na kuna bandia halisi. Kijana mmoja aliniletea GTX 1050 Ti aliyoinunua kwa mtu mtandaoni, inazima kila akifungua programu ya kuhariri. Kabla ya kuichomeka niliona tundu la VGA ubavuni. Chipu za kizazi kile cha Nvidia hazitoi kabisa mawimbi ya VGA, kwa hiyo kadi ya kweli ya 1050 Ti haiwezi kuwa na tundu hilo. Ilikuwa kadi ya zamani iliyoandikwa upya jina lake ndani ya BIOS, programu ndogo iliyomo ndani ya kadi, ili Windows idanganyike. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inazitambua kadi nyingi za namna hii tangu mwaka 2018. Beba laptopu au mwombe muuzaji akuwashie kadi mbele yako. Akikataa, ondoka, hakuna bei nzuri inayofidia hilo.

Msimu ule ulikwisha tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipoacha kabisa mfumo wa uchimbaji. Kadi za wachimbaji zikamwagika sokoni, na nyingi zimefika Kariakoo. Sizikatai. Kadi iliyochimba inaweza kuwa nzima, lakini mambo mawili ni lazima yakaguliwe: feni, maana zilizunguka usiku na mchana, na BIOS, maana wachimbaji wengi wa RX 570 na 580 waliibadilisha ili memori ikimbie zaidi. Iwashe, ipe kazi nzito kwa nusu saa, tazama kama kuna vidoa au mistari kwenye kioo. Ikivuka hapo kwa utulivu, nunua.

Kisha likaja jingine. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za ramu zilipanda kwa kasi, kwa sababu vituo vya akili mnemba vilikuwa vikinunua memori kwa wingi, na kadi za grafiki hutegemea viwanda vilevile. Anayehitaji ramu ya ziada kwa kazi ya kweli asisubiri sana.

Kwa wauzaji wenzangu nina ombi moja. Kwenye kila kadi mnayoiweka mezani bandikeni karatasi yenye mambo manne: jina kamili la chipu, kiasi cha memori, aina ya memori, na kama ilichimba au haikuchimba. Mteja akikuta karatasi hiyo haipo, aidai kabla hajatoa fedha.